Neno "Pumu" Katika Faili la Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Mama mwenye umri wa miaka 44, muuzaji wa vitenge, anaingia katika chumba cha daktari bingwa wa upasuaji akiwa ameshika bahasha ya kaki. Urefu wake ni mita 1.60 na uzito wake kilo 94. Uzito huo ukigawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu, jibu ni 36.7, na namba hiyo ndiyo ambayo wahudumu wa afya huiita BMI. Ndani ya bahasha mna barua ya rufaa isiyozidi mistari miwili: unene uliokithiri, pumu, aangaliwe kwa upasuaji wa kupunguza uzito. Ndani ya mkoba wake mna inhela ya buluu, ambayo amekuwa akijinunulia mwenyewe katika duka la dawa kwa miaka sita.

"Mama, pumu hii ulipimwa wapi?" daktari anauliza.

"Sikupimwa, daktari. Nilikuwa naishiwa pumzi nikipanda ngazi na usiku nakohoa. Nikaambiwa ni pumu, nikapewa hii."

Mgonjwa huyu ni wa mfano, aliyeundwa kutokana na sifa za wengi, lakini hakuna kliniki ya upasuaji wa aina hii isiyomfahamu. Amekuja akiamini kwamba neno "pumu" lililomo katika barua yake litamfungulia mlango. Kwa kiasi fulani ana haki ya kuamini hivyo. Jambo asiloambiwa na mtu yeyote ni kwamba neno hilohilo, likiwa halijathibitishwa, linaweza kumfikisha mezani mwa upasuaji akiwa na ugonjwa mwingine usiojulikana. Na likiwa la kweli lakini halijatibiwa, linaweza kumfikisha hapo akiwa na mirija ya hewa iliyo tayari kujifunga.

Kanuni ya 35 ilikotoka

Mwezi Machi 1991, jopo la wataalamu lilikutana huko Bethesda, Marekani, chini ya Taasisi za Taifa za Afya za nchi hiyo, likaweka mpaka ambao ulifuatwa duniani kwa zaidi ya miaka 30. Mtu mwenye BMI ya 40 au zaidi angeweza kufikiriwa kwa upasuaji kwa sababu ya unene peke yake. Mwenye BMI kati ya 35 na 40 angefikiriwa iwapo tu unene huo umeambatana na maradhi mazito. Maradhi yaliyotajwa kwa mfano yalikuwa ni yale ya kuhatarisha maisha: kukatika kwa pumzi usingizini kwa kiwango kikali, moyo ulioharibiwa na unene, na kisukari kikali. Pumu haikutajwa.

Iliingia baadaye. Miongozo ya pamoja ya vyama vya wataalamu wa Marekani iliyotolewa mwaka 2013 iliitaja pumu waziwazi katika orodha ya maradhi ambatani, pamoja na shinikizo la damu, ini lenye mafuta, kiungulia cha kudumu na maumivu ya viungo yanayomlemaza mtu. Kuanzia hapo, kwa mgonjwa wa Marekani mwenye BMI ya 36 au 37, pumu ikawa na thamani ya pekee katika karatasi za bima. Bima ya serikali ya wazee wa nchi hiyo, Medicare, tangu mwaka 2006 ilikwisha kuagiza kwamba mgonjwa awe na BMI ya 35 au zaidi, awe na angalau ugonjwa mmoja unaohusiana na unene, na awe amejaribu matibabu mengine bila mafanikio. Si ajabu basi kwamba wagonjwa walianza kuulizana iwapo pumu "inahesabika."

Mwaka 2022 kanuni ililegezwa. Chama cha wapasuaji wa unene cha Marekani na shirikisho la kimataifa la wapasuaji wa fani hiyo walipendekeza kwa pamoja kwamba BMI ya 35 iwe sababu ya kutosha, awepo au asiwepo na ugonjwa mwingine, na kwamba wenye BMI kati ya 30 na 35 wafikiriwe wakiwa na maradhi ya umetaboli kama kisukari. Nchini Uingereza, mwongozo wa taifa unashusha mpaka kwa 2.5 kwa watu wenye asili ya Afrika, kwa kuwa madhara ya unene huwaanza mapema zaidi. Hata hivyo, walipaji wengi bado wanatumia kanuni ya zamani, na hospitali nyingi za nchi zetu zinazotoa au kuanzisha huduma hii hurithi fomu zilizoandikwa kwa kanuni hiyo. Ndiyo maana barua ya mama yule imeandikwa kama ilivyoandikwa.

Inafaa kukumbuka pia kwamba huduma zenyewe si za aina moja. Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, imekuwa ikiwawekea wagonjwa puto tumboni ili wale kidogo, na puto hilo huondolewa baada ya miezi. Huo si upasuaji, na matokeo ya pumu yanayoelezwa katika makala haya yametokana na upasuaji. Mgonjwa asiyachanganye mambo hayo mawili pale anapolinganisha gharama na matumaini.

Pafu lililobanwa na pafu lenye pumu

Mtu mnene anapoishiwa pumzi, maelezo ya haraka huwa mawili: "ni mafuta tu" au "ni pumu." Yote mawili yanaweza kuwa makosa, na yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja.

Mafuta ya tumbo huisukuma juu misuli ya kiwambo, ile inayotenganisha kifua na tumbo, na mafuta ya kifua hukifanya kifua kiwe kizito kuinuka. Mapafu hubaki yakifanya kazi katika ujazo mdogo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walionyesha mwaka 2006 kwamba mtu mwenye BMI ya 30 tu, ambayo wengi wetu mitaani tungeiita afya njema, hubakiwa na chini ya nusu ya hewa ya akiba aliyo nayo mtu wa BMI ya 20. Yaani ile hewa ambayo mtu bado anaweza kuitoa kwa nguvu baada ya kumaliza kutoa pumzi ya kawaida. Katika ujazo huo mdogo mirija midogo ya hewa huwa membamba, mingine hujifunga kabisa chini ya mapafu, hasa mtu akilala chali. Mtu huyo atahema, atakohoa, pengine kifua chake kitapiga mluzi. Hana pumu.

Pumu ni jambo tofauti. Ni uvimbe wa kudumu wa mirija ya hewa unaoifanya iwe nyepesi kushtuka na kubana, kisha kuachia, kwa kubadilikabadilika. Kubadilika huko ndiko alama yake kuu. Na ni kweli kwamba unene huongeza uwezekano wa kuipata: uchambuzi wa tafiti 7 zilizojumuisha zaidi ya watu wazima 330,000, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kuwa watu wenye uzito uliozidi au unene walikuwa na uwezekano wa kupata pumu mpya uliozidi wa wenzao kwa takriban nusu, na kwa wale wenye unene hasa uwezekano huo ulikaribia mara mbili. Kwa hiyo daktari hawezi kulipuuza neno hilo katika barua. Anachopaswa ni kulipima.

Umuhimu wa kupima ulionekana wazi huko Rotterdam, Uholanzi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013 juu ya watu hawahawa wanaozungumziwa hapa, yaani wagonjwa 86 wenye unene mkubwa waliokuwa wakisubiri upasuaji. Kati yao 32 walikuwa wamekwisha kuambiwa na daktari kwamba wana pumu. Walipopimwa kwa makini, 13 hawakuthibitika kuwa nayo. Kwa upande wa pili, miongoni mwa 54 ambao hawakuwa na historia yoyote ya ugonjwa wa mapafu, 17 walikutwa na pumu ambayo hakuna aliyekuwa akiijua. Kosa lilikuwa kwa pande zote mbili, na la pili pengine ndilo la hatari zaidi, kwa maana mgonjwa asiyejua kuwa ana pumu hulazwa mezani bila maandalizi yoyote.

Tatizo hili haliwahusu wanene peke yao. Nchini Kanada watu wazima 613 waliokuwa wameambiwa na daktari kuwa wana pumu walipimwa upya, na kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017, 203 kati yao, yaani theluthi moja, hawakuwa na pumu wakati huo. Kumi na wawili walikuwa na ugonjwa mzito wa moyo au mapafu uliokuwa umefichwa nyuma ya jina la pumu.

Katika mazingira ya Afrika Mashariki orodha ya wanaojifanya pumu ni ndefu kuliko ya Kanada. Moyo uliochoshwa na shinikizo la damu la miaka mingi lisilotibiwa humfanya mtu akohoe usiku na ashindwe kulala bila mito miwili. Kifua kikuu kilichokwisha kupona huacha makovu na mirija iliyopanuka. Moshi wa kuni na mkaa, uliovutwa jikoni tangu utotoni, huleta ugonjwa wa kuziba kwa njia za hewa ambao hauachii kama pumu inavyoachia. Kiungulia cha usiku huchokoza koo na mirija. Na kwa wanawake wa umri wa mama yule kuna jambo linalosahaulika mno: uvimbe wa fibroidi unaosababisha hedhi nyingi, hedhi inayoleta upungufu wa damu, na upungufu wa damu unaomfanya mtu aishiwe pumzi kwenye ngazi zilezile. Kipimo cha wingi wa damu ni cha bei nafuu na kinapatikana karibu kila kituo cha afya. Mgonjwa anayekwenda kufanyiwa upasuaji utakaopunguza uwezo wake wa kunyonya madini ya chuma anastahili kukifanyiwa mapema hata kama pumzi yake haina kasoro.

Kipimo cha pumu chenyewe ni spirometa: mgonjwa huvuta pumzi yote, kisha hupuliza kwa nguvu na kwa kasi ndani ya mrija, na mashine huonyesha kiasi kilichotoka katika sekunde ya kwanza na kiasi chote. Mapafu yaliyobanwa na unene hupunguza vyote viwili kwa pamoja, na uwiano wake mara nyingi hubaki wa kawaida. Pumu hupunguza zaidi kile cha sekunde ya kwanza. Kisha mgonjwa huvuta salbutamoli, husubiri dakika 10 hadi 15, hupuliza tena. Hewa ya sekunde ya kwanza ikiongezeka kwa asilimia 12 au zaidi na kwa mililita 200 au zaidi, hoja ya pumu inapata nguvu. Isipoongezeka, hoja haijafa, kwa sababu siku hiyo pumu inaweza kuwa imetulia.

Pasipo na spirometa, na ni vituo vingi, mrija mdogo wa plastiki wenye kishale, unaopima kasi ya pumzi, unaweza kufanya kazi kubwa kwa bei ndogo. Mgonjwa hupuliza asubuhi na jioni kwa wiki mbili na kuandika namba katika daftari. Ikiwa wastani wa tofauti ya kila siku unazidi asilimia 10, mirija inabadilikabadilika, na kubadilikabadilika ndiko kunakotafutwa. Daftari la shule lenye safu mbili za namba linaweza kuwa na uzito kuliko barua ya rufaa yenye mihuri mitatu.

Dawa kwanza

Iwapo pumu imethibitika, swali linalofuata si tarehe ya upasuaji. Swali ni iwapo pumu hiyo imewahi kutibiwa. Mama wa mfano wetu ametumia inhela ya buluu kwa miaka sita, lakini inhela hiyo hufungua mirija kwa saa chache bila kugusa uvimbe uliomo ndani. Tangu mwaka 2019 mpango wa kimataifa unaotoa mwongozo wa pumu, GINA, haupendekezi tena mtu mzima atibiwe kwa dawa ya aina hiyo peke yake. Anahitaji steroidi ya kuvuta, kama vile budesonidi au beklometasoni, na kwa wengi budesonidi pamoja na formoteroli katika inhela moja.

Hapa hofu moja hujitokeza mara kwa mara, na inahitaji jibu la wazi. Wagonjwa wengi wamesikia kwamba steroidi hunenepesha, basi huzikataa zote. Prednisoloni ya vidonge, ikirudiwa mara kwa mara, kweli huongeza hamu ya kula na uzito, hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa. Dawa ya kuvuta hutumika kwa kipimo kidogo sana, moja kwa moja kwenye mirija. Mgonjwa anayeikwepa kwa kuogopa unene huishia kupata shambulio, na shambulio humrudisha kwenye vidonge na sindano alizokuwa akiziogopa. Huo ni mzunguko unaonenepesha watu kweli, nao huvunjwa na inhela iliyokataliwa.

Ni lazima isemwe pia kwamba pumu ya watu wanene huitikia steroidi za kuvuta kwa kiwango kidogo kuliko ya watu wembamba. Ndiyo maana kabla ya kuongeza dozi mhudumu huangalia kwanza jinsi dawa inavyovutwa. Wagonjwa wengi hubonyeza na kuvuta kwa wakati usiolingana, dawa ikaishia kwenye ulimi. Chombo cha kati kinachoshika dawa kabla ya kuvutwa husaidia sana, na kisipopatikana, chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyotobolewa vizuri inaweza kutosha. Watafiti wa Cape Town, wakiongozwa na Heather Zar, walionyesha mwaka 1999 kwa watoto wenye shambulio la pumu kwamba chupa ya aina hiyo ilifanya kazi sawa na chombo cha kiwandani. Mgonjwa asuuze kinywa kwa maji baada ya kuvuta steroidi, ili kuzuia utando mweupe wa fangasi.

Matibabu haya yanaweza kumchelewesha mgonjwa kwa miezi miwili au mitatu. Wengine hulalamika, na malalamiko yao yanaeleweka, hasa kwa aliyesafiri kutoka mbali na kuacha biashara. Lakini upasuaji wa kupunguza uzito si wa dharura. Kuingiza mrija wa hewa kooni kwa ajili ya dawa ya usingizi ni kichokoo kikubwa cha mirija yenye pumu, na gesi inayopulizwa tumboni wakati wa upasuaji wa matundu huisukuma zaidi misuli ya kiwambo ambayo tayari imesukumwa na mafuta. Mirija ikijifunga katika hali hiyo, mtaalamu wa usingizi ana nafasi finyu ya kufanya kosa. Aliyepata mafua makali au shambulio wiki chache zilizopita huahirishwa, hata kama chumba cha upasuaji kimekwisha kutengwa.

Wakati huohuo mgonjwa huulizwa juu ya usingizi wake, na vizuri zaidi aulizwe mbele ya anayelala naye chumba kimoja. Anakoroma kwa nguvu? Pumzi humkatika? Huamka na kichwa kizito, husinzia dukani mchana? Kukatika kwa pumzi usingizini kumewahi kupewa jina la pumu ya usiku kwa watu wengi, na ni ugonjwa ambatani uliotajwa tangu mwaka 1991, wenye uzito mkubwa katika uamuzi wa upasuaji kuliko pumu yenyewe.

Kile upasuaji unachotoa

Sasa yule aliyethibitika kuwa na pumu, akatibiwa, na bado akabaki na uzito wake, anaweza kutarajia nini?

Jibu la kwanza lilikuja kabla ya upasuaji kuenea. Huko Helsinki, Brita Stenius-Aarniala na wenzake waliwapa watu wenye unene na pumu mlo wa kalori chache sana kwa wiki 8, na wengine wakaendelea kama kawaida, 38 kwa jumla. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba waliopungua walipuliza vizuri zaidi na dalili zao zilipungua, na faida ilikuwapo bado baada ya mwaka mmoja. Kilichosaidia ni kupungua kwa uzito, kwa njia yoyote. Upasuaji una sifa ya kupunguza kwa wingi na kwa muda mrefu zaidi.

Ukubwa wa faida hiyo ulipimwa katika majimbo ya California, Florida na Nebraska, ambako Kohei Hasegawa na wenzake waliwafuatilia watu 2,261 wenye unene na pumu waliofanyiwa upasuaji. Utafiti wao, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba kabla ya upasuaji, katika mwaka mmoja, takriban asilimia 22 walifikishwa idara ya dharura au kulazwa kwa sababu ya pumu. Katika mwaka uliofuata upasuaji walikuwa takriban asilimia 11, na katika mwaka wa pili kiwango kilibaki hivyo. Kupungua kwa nusu ni jambo kubwa. Lakini mtu mmoja kati ya 9 bado alipelekwa hospitali kwa pumu, na takwimu hiyo ndiyo ya kumsomea yule anayetaka kuitupa inhela siku anapotoka wodini.

Nani hufaidika zaidi? Swali hili lilichunguzwa na Anne Dixon na wenzake wa Chuo Kikuu cha Vermont, katika utafiti wa mwaka 2011 uliohusu wagonjwa wachache lakini waliopimwa kwa undani. Pumu ya watu wanene si moja. Kuna ile iliyoanza utotoni, yenye mzio, ukurutu na kupiga chafya. Mtu alikuwa na pumu kwanza, kisha akanenepa. Na kuna ile inayoanza ukubwani, mara nyingi kwa wanawake, bila dalili za mzio, ambayo inaonekana kuletwa na unene wenyewe. Baada ya upasuaji makundi yote mawili yalijisikia nafuu, lakini wepesi wa mirija kushtuka ulipungua kwa kiwango cha maana kwa wale tu ambao kingamwili ya mzio katika damu yao ilikuwa chini. Mwenye pumu ya utotoni atapumua vizuri zaidi kwa kuwa kifua chake kimepata nafasi, ila ugonjwa wake umebaki naye.

Kwa hiyo swali "pumu yako ilianza lini?" lina thamani kuliko linavyosikika. Halihitaji mashine. Linamwezesha mhudumu wa zahanati kumweleza mgonjwa, kabla hajauza kiwanja cha urithi kugharimia upasuaji, iwapo anachokitumaini kina msingi.

Aina ya upasuaji nayo ina uhusiano na pumzi, kwa njia ya kiungulia. Upasuaji unaofanyika zaidi siku hizi huondoa takriban asilimia 80 ya tumbo la chakula na kuacha mrija mwembamba kama ndizi. Ni upasuaji mzuri, lakini kwa baadhi ya watu huleta kiungulia au hukizidisha, na asidi inayopanda usiku huweza kuichokoza pumu. Upasuaji wa njia ya mkato, ambao huacha kifuko kidogo juu na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo, kwa kawaida hukipunguza kiungulia. Mwenye pumu na kiungulia kikali aulize juu ya jambo hili kwa jina lake, asingoje kuambiwa. Kwa upande mwingine, njia ya mkato ina hatari ya vidonda pale utumbo ulipounganishwa, na prednisoloni ya mara kwa mara huongeza hatari hiyo, sawa na sigara. Tena ibuprofeni, diklofenaki na jamii yake, ambazo hununuliwa dukani kama peremende, huleta vidonda hivyo na kwa baadhi ya watu wenye pumu huleta shambulio. Mtu aliyepitia njia ya mkato akiwa na pumu ana sababu mbili za kuziepuka maisha yake yote, na ingefaa jambo hilo liandikwe katika kadi yake ya kliniki kwa kalamu nyekundu.

Siku ya upasuaji inhela huvutwa asubuhi kama kawaida na huenda na mgonjwa hadi mlangoni mwa chumba cha upasuaji; agizo la kukaa bila kula haliihusu. Aliyetumia steroidi za vidonge kwa zaidi ya wiki mbili katika miezi 6 iliyopita aseme, hata asipoulizwa, kwa sababu tezi zake zinaweza kushindwa kumtetea wakati wa upasuaji, na atahitaji kupewa haidrokotisoni. Baada ya hapo ni kukaa wima, kuvuta pumzi ndefu na kutembea mapema. Dawa ya kuzuia pumu huendelea. Hupunguzwa na daktari, hatua kwa hatua, pumu ikiwa imetulia kwa takriban miezi mitatu. Uzito ukirudi, na kwa baadhi hurudi, dalili zinaweza kurudi nao.

Mama wa mfano alipuliza katika spirometa, na baada ya salbutamoli namba iliongezeka kwa asilimia 6 tu. Haikutosha. Akapewa mrija wa plastiki na daftari. Baada ya wiki mbili alirudi na safu zake: asubuhi 310, jioni 390, asubuhi 320, jioni 400. Pumu ilikuwa ya kweli, ilimwanza akiwa na miaka 38, bila mzio wowote. Wingi wa damu ulikuwa wa kawaida. Shinikizo lilikuwa juu, na hilo halikuwamo katika barua.

Aliandikiwa budesonidi na formoteroli, dawa ya shinikizo, na tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu. Aliporudi uzito wake ulikuwa kilo 93.

"Ngazi napanda," alisema. "Usiku nalala. Sasa daktari, upasuaji bado nauhitaji?"

Daktari alimwonyesha namba zake: shinikizo ambalo bado lilitaka dawa, magoti aliyoyalalamikia, BMI ambayo haikuwa imesogea, na pumu ya aina ile inayopungua uzito unapopungua. Akamweleza pia kuhusu vitamini na vipimo vya damu vya maisha yote, na gharama zake. Mama alizikunja karatasi, akazirudisha katika bahasha ya kaki pamoja na barua mpya, akaomba tarehe nyingine ili aje na mumewe.